Saruji, nta na kamba: India ilivyopata sanamu zake za kisasa

Swali: Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Mwenge, Dar es Salaam, kazi niliyorithi kwa baba yangu. Mpingo umekuwa ghali, kwa hiyo nimeanza kujaribu kufinyanga kwa saruji. Wenzangu wanasema nimeitupa asili. Mteja mmoja naye aliniambia kwamba hata vinyago vyangu vya mpingo ni ufundi tu, havijawa sanaa. Juzi nimeona picha ya sanamu ya India: baba, mama, watoto na mbwa wao wanatembea, na yote ni saruji. Nilidhani India ni miungu ya mahekaluni tu. Walifikaje hapo? Waliiga Wazungu, au waliendeleza kazi za mababu zao?

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwa kazi, na pole kwa maneno ya huyo mteja. Nitayarudia, kwa sababu mafundi wa India waliambiwa maneno hayo hayo karne moja na nusu iliyopita, na mambo mengi unayoyauliza yameanzia hapo.

Sanamu uliyoiona ni Familia ya Kisanthal, aliyoitengeneza Ramkinkar Baij mwaka 1938. Iko Santiniketan, Bengal Magharibi, nje kabisa, katika uwanja wa Kala Bhavana, ambayo ni idara ya sanaa ya chuo cha Visva-Bharati kilichoanzishwa na mshairi Rabindranath Tagore. Nilipofika mbele yake mara ya kwanza, kitu kilichonishika kilikuwa ngozi yake. Picha haionyeshi hivyo vizuri. Kwa karibu unaona kokoto nyekundu zimetokeza kila mahali, kana kwamba watu wale wameinuka kutoka kwenye ardhi ileile wanayoikanyaga.

Ukitaka jibu fupi: ndiyo, waliiga, tena kwa muda mrefu. Kilichowatoa kwenye kuiga kilikuwa mali ghafi. Walipoanza kushika vitu vya kwao vya kila siku, saruji na kokoto, nta ya mafundi wa vijijini, udongo wa ukutani, kamba ya sokoni, ndipo mikono yao ikaanza kusema lugha yake. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kidogo, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza, sanaa ya kale haikufa. Watu wengi husimulia kwamba mahekalu yalisimama, Wazungu wakaja, mafundi wakatoweka, halafu sanaa ya kisasa ikazaliwa. Usiwasadiki. Swamimalai, kule Tamil Nadu, hadi leo kuna koo za mafundi wanaosubu, yaani wanaomimina shaba iliyoyeyushwa katika kalibu, sanamu za mungu Shiva anayecheza ngoma kwa vipimo walivyoachiwa na wazee wao. Kumartuli, mtaa wa Kolkata, kila mwaka watu hufunga mabua, hupaka udongo na kufinyanga mungu wa kike Durga, kisha sikukuu ikiisha anapelekwa mtoni kuyeyuka. Kazi hizo ziliendelea wakati wote wa ukoloni. Kilichobadilika ni nani aliyehesabiwa kuwa msanii.

Waingereza walifungua shule za sanaa Madras (Chennai ya leo) mwaka 1850, Calcutta (Kolkata ya leo) mwaka 1854 na Bombay (Mumbai ya leo) mwaka 1857. Kwa macho yao Mhindi alikuwa na mkono hodari wa nakshi, mbao, vyombo na vitambaa, na huo waliuita ufundi. Sanaa halisi, kwa maoni yao, ilikuwa ya Wagiriki na Warumi, na mwanafunzi alijifunza kwa kukaa mbele ya nakala za plasta za sanamu hizo na kuzichora mpaka azijue kwa moyo. Huku nje, viwanja vya miji vilijaa Malkia Victoria wa marumaru aliyeletwa kwa meli kutoka Uingereza. Hapo ndipo yalipotoka maneno ya mteja wako. Watu walichukua kipimo cha wakati mmoja na mahali pamoja, wakakitumia kupima mikono ya dunia nzima.

Wahindi waliosoma katika shule hizo walifikia ustadi mkubwa. Ganpatrao Mhatre wa Bombay, akiwa bado kijana katika miaka ya 1890, alifinyanga msichana anayekwenda hekaluni, sari imemkaa mwilini kama vazi la mungu wa Kigiriki, na akasifiwa sana. Baadaye akaja Deviprasad Roy Chowdhury, Mbengali aliyeiongoza shule ya Madras kuanzia mwaka 1929 kwa karibu miaka 30. Ukifika ufukwe wa Marina mjini Chennai utaiona kazi yake ya mwaka 1959, Ushindi wa Kazi: wanaume wanne wanasukuma jabali, misuli imewatoka. Ni kazi ya nguvu na ninaiheshimu. Lakini miili ile inazungumza Kifaransa cha Rodin, yule mchongaji mashuhuri wa Ufaransa. Watu ni wa India, matamshi ni ya Paris.

Kwa nini wachongaji walichelewa kujitoa? Wachoraji waliwatangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Bengal ilipokuwa inachemka kwa siasa za kudai uhuru, Abanindranath Tagore na wanafunzi wake walikwisha kugeukia picha za enzi ya Wamughal, wafalme Waislamu waliotawala India kabla ya Waingereza, na michoro ya kale ya kuta za mapango ya Ajanta. Wewe unayechonga utalielewa jambo hili kuliko msomi yeyote: mchoraji anahitaji karatasi na rangi, lakini mwenye kuchonga marumaru au kusubu shaba anahitaji tajiri. Na matajiri wa wakati ule, yaani serikali, watawala wa majimbo na familia za wafanyabiashara, walitaka sura zao zifanane nao na ziwekwe juu ya msingi mrefu. Anayelipia jiwe ndiye anayechagua sura.

Sasa turudi kwa Ramkinkar. Alizaliwa mwaka 1906 katika wilaya ya Bankura, katika familia maskini ya tabaka la vinyozi. Bankura ni nchi ya udongo. Farasi wake wa udongo wa kuchoma wanajulikana India nzima, na mahekalu ya Bishnupur yaliyo karibu yamevikwa vigae vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono. Mtoto yule alikua akiwatazama mafundi wa sanamu za ibada. Mwaka 1925 mwandishi wa habari Ramananda Chatterjee aliona michoro yake akampeleka Santiniketan kwa mwalimu Nandalal Bose. Huko, pamoja na mafunzo ya Nandalal, alipata masomo ya wachongaji wa Ulaya waliopita kufundisha, akiwemo Margaret Milward aliyekuwa amesoma kwa mchongaji Bourdelle wa Paris. Nakutajia hili kwa makusudi, usije ukadhani alijifungia asione ya wengine. Aliona, akachukua alichokihitaji.

Hakuwa na fedha za shaba wala marumaru. Saruji ilipatikana, na eneo lile lina ardhi nyekundu ya changarawe ngumu, kama moramu tunayomwaga barabarani. Akachanganya saruji na kokoto hizo, akasimamisha mifupa ya vyuma, kisha akawa anaurusha mchanganyiko ule kwa mkono juu ya vyuma na kuukandamiza kabla haujashika. Saruji haina subira, unaijua. Huna nafasi ya kusugua na kupamba, lazima uamue haraka. Ule uharaka umebaki ndani ya sanamu, na ndio unaozifanya zionekane ziko njiani.

Kazi yake ya kwanza kubwa ya namna hii ni Sujata, ya mwaka 1935, mwanamke mrefu mwembamba aliyesimama kati ya miti. Husimuliwa kwamba Tagore alipoiona alimwita, na kijana akaenda akitetemeka akidhani amekosea. Mzee akamwambia aujaze uwanja wote kwa sanamu zake. Miaka mitatu baadaye ikaja familia uliyoiona. Wasanthal ni wenyeji wa nchi ile tangu zamani, na wakati ule wengi walikuwa wanahamahama kutafuta vibarua. Baba amebeba mzega begani, na mtoto ameketi ndani ya kikapu kimoja. Mama ana mzigo kichwani. Mbwa anafuata. Mali yao yote iko juu ya miili yao, na bado wanatembea wima.

Fikiria basi: kabla ya hapo sanamu kubwa ya nje ilikuwa ya mungu, mfalme au gavana. Hawa ni vibarua wanaohama, ukubwa wao unazidi wa binadamu, na wamewekwa chini kiasi kwamba unaweza kuwasogelea na kutembea nao. Kwangu mimi sanamu ya kisasa ya India inaanzia hapo. Wapo wanahistoria watakaokupa tarehe nyingine, nami siondoki hapa. Mwaka 1956 aliongeza nyingine, Mwito wa Kiwanda: wanawake wawili wanakimbilia kinu cha mpunga, king'ora kimelia, sari zao mbichi zinakauka kwa upepo nyuma yao, mtoto anawakimbilia. Sikumbuki sanamu nyingine ya saruji yenye upepo mwingi namna hiyo.

Na mtu huyo huyo, alipopewa kazi na Benki Kuu ya India mjini New Delhi, aliweza kurudi kwa mababu bila kuyumba. Alichonga jiwe kutengeneza Yaksha na Yakshi, walinzi wa mali wa imani za kale, akitazama sanamu za zaidi ya miaka 2,000 zilizopatikana Mathura na Besnagar. Yaksha amempa gurudumu la meno la mashine, Yakshi amempa mazao ya shamba. Kazi ile ilimchukua zaidi ya muongo mmoja. Wapo waliokasirika kwa sababu Yakshi yuko uchi mbele ya benki, ingawa bibi zake wa mawe wamesimama hivyo tangu enzi za kale.

Hapa katikati kuna giza ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 1943 njaa iliua watu wapatao milioni 3 Bengal. Vita vilikuwa vinaendelea, bei za mchele zilipanda hadi maskini wakashindwa kununua, na serikali ya kikoloni haikuwaokoa. Mwaka huo huo mchongaji Prodosh Das Gupta na wenzake walianzisha Kundi la Calcutta, wakitaka sanaa inayotazama watu badala ya ngano za kale. Kijana mwingine, Somnath Hore wa Chittagong, alizunguka akichora waliokuwa wanakufa. Hakupona na alichokiona. Miaka 30 baadaye, alipoanza kufanya kazi ya shaba, alikuwa anachukua karatasi za nta, anazikata kwa kisu cha moto, anazikunja na kuziunga, kisha anazisubu na mipasuko yake yote. Miili yake ni mifupa na nyufa. Sanamu yake kubwa ya mama na mtoto, aliyoitoa kwa heshima ya watu wa Vietnam mwaka 1977, iliibwa Santiniketan mara tu ilipokamilika, na ikapotea.

Baada ya uhuru kitovu kilihamia Baroda, Gujarat, ambako chuo kikuu kilifungua kitivo cha sanaa mwaka 1950. Idara ya uchongaji iliongozwa na Sankho Chaudhuri, mwanafunzi wa Ramkinkar aliyekuwa pia msaidizi wake. Kazi zake mwenyewe ni laini, za mbao, jiwe na bati la shaba, maumbo yaliyopunguzwa mpaka yakabaki mistari michache. Lakini alikuwa mwalimu kuliko yote, na kizazi kizima cha wachongaji wa India kilipita mikononi mwake. Sasa sikia: mwaka 1980 mzee huyo alikuwa profesa wa sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka Mwenge hadi pale Mlimani unajua mwenyewe ni mwendo wa daladala moja.

Serikali mpya nayo ikawa mteja mkubwa, na si mara zote mteja mwema. Amarnath Sehgal alipewa kazi ya kupamba ukumbi wa Vigyan Bhavan mjini New Delhi kwa sanamu ya ukutani ya shaba yenye urefu wa futi 140, iliyojaa wakulima, mafundi na maisha ya vijijini. Ilikamilika mwaka 1962. Mwaka 1979, wakati wa ukarabati, iling'olewa na kurundikwa stoo, vipande vikavunjika na vingine kupotea. Mzee alikwenda mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba msanii anabaki na haki juu ya heshima ya kazi yake hata kama ameshaiuza, ikaamuru arudishiwe mabaki na alipwe rupia 500,000. Kila mchongaji anayeuza kazi kwa ofisi ya umma angefaa kuijua kesi hiyo.

Nimesema nitarudi kwa mteja wako. Mtu ninayependa kumtumia kumjibu ni Meera Mukherjee. Alizaliwa Kolkata mwaka 1923, akapata nafasi ya kusoma Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1950. Angeweza kurudi na mtindo wa huko akaishi vizuri. Badala yake alifunga safari hadi Bastar, katikati ya India, akaketi chini ya mafundi wa shaba wa kijijini kama mwanafunzi.

Mafundi hao wanasubu kwa njia inayoitwa dhokra. Unafinyanga kiini cha udongo. Unatengeneza nyuzi nyembamba za nta, unazizungushia kiini, uzi kwa uzi, mpaka sura yote ivikwe. Unafunika kwa udongo mwingine ukiacha tundu. Ukichoma, nta inayeyuka na kutoka, nafasi yake inabaki tupu, nawe unaijaza shaba iliyoyeyushwa. Ukivunja udongo unakuta kila uzi wa nta umegeuka shaba. Hakuna sanamu mbili zinazofanana, maana kalibu inavunjwa kila mara. Njia ya nta ni ya kale mno India: yule msichana mdogo wa shaba wa Mohenjo-daro, mji wa kale ulio Pakistan ya leo, ambaye kimo chake hakifiki sentimita 11, alisubiwa kwa nta zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Mafundi walikuwa wanaitumia kwa vitu vidogo vya kushika mkononi. Meera akaikuza. Ashoka wake wa mwaka 1972, mfalme anayetazama maiti za vita vya Kalinga alivyovipigana mwenyewe, anazidi kimo cha mtu kwa mbali, alisubiwa vipande vipande na kuunganishwa, na mwili wote umebeba alama za nyuzi zile za Bastar. Kisha alizunguka India akiwaandika mafundi wa shaba, koo zao, vifaa vyao na namna wanavyoishi, na mwaka 1978 kitabu chake kuhusu mafundi hao kikatoka. Hakumwita fundi wa Bastar mtu wa kazi za mikono. Alimwita mwalimu.

Kuna na Sonabai Rajawar, mwanamke wa kijijini Chhattisgarh, ambaye mumewe alimzuia ndani kwa miaka ipatayo 15. Hakuwa ameona shule ya sanaa wala kufundishwa na mtu. Kwa upweke, na ili mwanawe apate wanasesere, alichukua udongo wa kisimani na mianzi iliyopasuliwa, akajaza nyumba viunzi vya kimiani, ndege, nyani na watu. Mwaka 1983 watu wa makumbusho ya Bharat Bhavan ya Bhopal, waliokuwa wanatafuta kazi za vijijini ili ziwekwe jengo moja na za wasanii wa mjini, walifika mlangoni kwake. Mteja wako angesemaje mbele ya nyumba ile? Mimi ningenyamaza tu.

Na kwa kuwa unatafuta mali ghafi mpya, mtazame Mrinalini Mukherjee, aliyesoma Baroda. Yeye alinunua kamba za nyuzi za mimea, ndugu wa mkonge wa Tanga, akazitia rangi na kuzifunga mafundo kwa mkono, fundo juu ya fundo, miezi na miezi kwa kazi moja, mpaka zikasimama kama miungu ya msituni iliyochanua. Kwa miaka mingi walimwambia huo ni ususi. Hakubishana, aliendelea kufunga. Maonyesho makubwa ya kazi zake yalifunguliwa New Delhi mwezi Januari 2015, na baada ya takriban wiki moja akafariki dunia. Miaka minne baadaye watu walipanga foleni New York kuziona.

Ya leo nitayapita haraka. Subodh Gupta wa Bihar anajenga kwa sufuria na sahani za chuma kisichoshika kutu, zilezile za kila jiko la India, na fuvu lake kubwa la mwaka 2006 limezunguka dunia. Gujarat imesimama sanamu ya Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa kupigania uhuru wa India, yenye urefu wa mita 182, iliyobuniwa na Ram Sutar na kuzinduliwa mwaka 2018. Ukubwa wake unatisha, lakini mbele ya mbwa wa Ramkinkar mimi hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo endelea na saruji yako, na waambie wenzako kwamba mkono uliojifunza kwenye mpingo haupotei. Unajua kuondoa, sasa unajifunza kuongeza. Anza na sanamu isiyozidi kimo cha magoti. Kwangua kutu kwenye nondo kwa brashi ya waya kabla ya kufunika, na uhakikishe saruji inazizunguka kwa unene wa sentimita 3 au zaidi kila upande, maana maji yakizifikia zitavimba kwa kutu na kuipasua kazi kutoka ndani. Mchanga uwe wa mto au uliooshwa. Wa baharini usiuguse, chumvi yake inaharakisha kutu. Changanya kidogo kidogo, kiasi utakachomaliza ndani ya nusu saa. Ukimaliza, ifunike kwa magunia mabichi na uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, bila kuiacha juani. Ikishakomaa, nitumie picha, na upige na moja ya karibu nione kokoto zake.